Kiraka cha Mstari Mmoja

Leo si video, leo ni kusoma. Wale mnaonifuata mnajua nimeanza kuchangia programu huria nikiwa hapa Bokoli. Basi kiraka changu cha kwanza kilirudishwa mara nne. Kilikuwa mstari mmoja tu! Na msimbo wenyewe haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye barua pepe.

Kiraka ni faili fupi inayoonyesha mistari iliyotolewa na iliyowekwa. Mwaka 1985 Larry Wall alitoa programu inayoitwa patch, na ikawa rahisi kutuma mabadiliko peke yake badala ya kazi yote. Linus Torvalds alipotangaza Linux mwaka 1991, akiwa mwanafunzi kule Helsinki, viraka vikaanza kumfikia kwa barua pepe. Aprili 2005 akaandika Git, na bado barua pepe haikuondoka. Hadi leo kiini cha Linux kinapokea viraka hivyo: maandishi matupu, neno PATCH kwenye kichwa, basi.

Vijana wenzangu wanasema huo ni uzee. Mimi nasema ngoja kwanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mashirika ya Nairobi yalipata barua pepe kupitia FidoNet, kwa kituo cha mazingira cha ELCI. Uliandika barua yako bila kuunganishwa popote. Baadaye mashine ilizifunga barua zote pamoja, ikapiga simu, ikazipakua, ikakata. Simu ilikuwa ghali, kwa hiyo hakuna aliyekaa mtandaoni kushangaa. Nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009 tu. Na huku kwetu mvua ikipiga, stima na mtandao vinaenda pamoja. Barua ya kiraka haina neno: inangoja, mtandao ukirudi inaondoka, na haili bando kama kurasa za GitHub. Huu mfumo ulitengenezwa na watu wenye mtandao kama wetu, bana.

Shida ni mlango. Gmail ya kwenye kivinjari inageuza nafasi za kitufe cha Tab kuwa nafasi za kawaida na kukata mistari mirefu, kwa hiyo kiraka kinaharibika njiani. Inabidi utumie git send-email, uijaze anwani ya seva, namba ya poti na nenosiri. Nenosiri lenyewe si lile lako la kawaida, kwa sababu mwaka 2022 Google iliacha kulikubali kwenye programu za namna hiyo. Mimi nilikosea rangi na maandishi ya mapambo, kisha Tab, kisha nikaambatisha faili, mwisho nikasahau mstari wa kutia sahihi. Kila jibu lilitaja kosa moja. Hakuna lililoniambia nirekebishe vipi.

Rafiki yangu tuliyeanza naye Webuye aliacha baada ya jaribio la pili. Na lugha ya C ananizidi mbali.

Wenyewe wameanza kuona. Tangu 2018 mradi wa Git una GitGitGadget: unaomba kwenye GitHub kama kawaida, yenyewe inageuza ombi kuwa barua. Watu wa Linux wana b4, ya Konstantin Ryabitsev, ambayo tangu 2022 inaweza kutuma kiraka bila kuhangaika na seva ya barua. Unasajili ufunguo wako mara moja. Lakini mimi ningempa mgeni git-send-email.io kwanza. Inakushika mkono hatua kwa hatua, kisha inakupa mahali pa kutuma kiraka cha majaribio, ukosee pale ambapo hakuna anayekuhukumu. Niliipata nikiwa nimeshakataliwa mara nne!

Jaribio la tano lilipita usiku, stima ikiwa imepotea, laptopu ikiwa na asilimia 9. Asubuhi nikamtumia rafiki yangu ile anwani ya majaribio. Ameisoma. Bado hajajibu.