Desemba kwa Masista

Kila shule ya watawa ninayoijua ina kijitabu cha jubilii. Karatasi za kung'aa, picha ya askofu ukurasa wa kwanza, halafu ile picha ya zamani iliyofifia: sista mwanzilishi amesimama mbele ya jengo la mabati, na wasichana ishirini hivi wamekunja mikono. Utaambiwa nani alitoa shamba, nani aliweka jiwe la msingi, umeme ulifika mwaka gani. Nimevisoma vingi, na kuna mtu mmoja huwa simpati humo. Mzazi. Yaani yule aliyelipa.

Mimi nilisoma kwenye shule ya aina hiyo, ya binafsi, ya masista, nje kidogo ya Eldoret, kuanzia Januari 2001. Jina lake halina haja hapa. Ninachotaka kusimulia ni makubaliano yaliyofanyika getini, pale wazazi waliposhuka kwenye matatu na masanduku ya bati, kwa sababu naona historia yenyewe iko hapo. Masista walikuwa wanatoa kitu kimoja, wazazi wananunua kingine, na sisi wasichana tukaondoka na cha tatu.

Tuanze na mji. Wazee wa kwetu bado wanaiita Eldoret "Sisibo", ambayo ni 64 ya Kiingereza iliyopita kwenye midomo ya Wakalenjin. Ilikuwa namba ya shamba. Makaburu walipanda uwanda wa Uasin Gishu na magari yao ya ng'ombe mwaka 1908, na mwaka 1912 mahali hapo pakapewa jina la Eldoret. Ulikuwa mji wa masetla, na shule zake za mwanzo zilikuwa za watoto wao. Wasichana wa Kizungu walikuja kuwa na Highlands School, ambayo leo ni Moi Girls, na kulikuwa pia na konventi ya Loreto. Masista wa Loreto, shirika la Ireland, waliingia Kenya mwaka 1921 wakaanzia Nairobi, na kazi yao ya kwanza ilikuwa kufundisha mabinti wa Wazungu. Binti wa mpishi hakuwa na kiti humo. Ilibidi ifike 1936 ndipo wakaanzisha shule ya wasichana Waafrika, na hiyo ilikuwa Limuru, mbali na Sisibo.

Msichana mmoja aliyepita Limuru tunamjua wote. Wangari Maathai alifika Loreto mwaka 1956, akitokea St. Cecilia's, shule ya bweni ya masista wa Consolata huko Mathari, Nyeri. Ameeleza mwenyewe kwenye kitabu cha maisha yake jinsi ya kwenda shule ilivyoanza: kaka yake mkubwa, Nderitu, alimuuliza mama yao kwa nini Wangari haendi shule kama wao. Mama, ambaye mwenyewe hakuwa amesoma, hakuona sababu ya kumzuia. Basi. Hakuna askofu katika hadithi hiyo, hakuna jiwe la msingi. Kuna mama mmoja aliyekubali kupoteza mikono miwili shambani, na kwa mama wa kijijini enzi hizo mikono ya binti haikuwa kitu kidogo.

Halafu tazama kilichofuata. Kule Mathari wasichana walikatazwa kuongea lugha ya mama, na aliyeteleza alivishwa kifungo cha aibu mpaka amnase mwingine. (Sisi tuliita "disiki", na mwaka 2001 ilikuwa bado inazunguka. Ya kwetu ilikuwa kipande cha mbao chenye kamba. Ukiiona imeegemea kitanda chako asubuhi, unajua siku imeharibika.) Wangari akawa Mkatoliki, akaitwa Mary Josephine. Baadaye, mtu mzima, akarudia Wangari. Kwa hiyo mama alimtuma Wangari, shule ikarudisha Mary Jo, na yeye mwenyewe akachagua atakachobaki nacho: sayansi, nidhamu, na ule moyo wa kujitolea ambao daima aliwashukuru masista kwa ajili yake.

Lakini wazazi hawakukubali tu kila walichoambiwa getini. Mwaka 1929 misheni za Kiprotestanti katika nchi ya Wakikuyu, ile ya Kanisa la Scotland na Africa Inland Mission zikiwa mbele, ziliwataka waumini wakane tohara ya wasichana, la sivyo wao na watoto wao watoke. Wengi walitoka. Wakaondoa watoto madarasani, wakajenga shule zao wenyewe, zile za Karing'a na za KISA. Kanisa Katoliki halikudai kiapo hicho. Watu husimulia kisa hiki kama vita vya mila na dini, na kweli vilikuwa hivyo, ila mimi huona pia wazazi wanaosema: Kiingereza tunakitaka, hesabu tunazitaka, lakini binti ni wetu. Bei ilikuwa imepanda kuliko walivyokuwa tayari kulipa.

Swali hilo, binti ni wa nani, ndilo lililonifikisha mimi kwa masista.

Ila kwanza tupite haraka juu ya serikali. Baada ya uhuru, na hasa kwa Sheria ya Elimu ya 1968, shule nyingi za makanisa zikawa za umma, na kanisa likabaki "mfadhili": lina sauti kwenye bodi, linaleta kasisi wa kuombea mitihani, lakini mwalimu mkuu analipwa na serikali. Kisha ukaja mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, na mtihani wa KCPE, na msongamano wa watoto wanaogombea nafasi chache za kidato cha kwanza. Mji nao ukawa unapanuka. Chuo Kikuu cha Moi kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1984. Mashirika ya watawa yakaanza kufungua shule ambazo ni zao kabisa, za kulipia. Ndiyo maana kwetu shule ya masista ilikuwa na maana mbili kwa wakati mmoja: ya wenye pesa, na ya wale ambao hawakuitwa shule za serikali. Sisi hatukuwa na pesa. Na shule ya serikali niliitwa, ya mchana, karibu na nyumbani.

Mama alikataa. Kwetu ni upande wa Keiyo, juu ya bonde, mahali ambapo ukisimama ukingoni unaona Kerio yote chini kama mkeka. Marehemu baba alituacha na ng'ombe watano na ekari mbili za mahindi. Mama alimwendea sista mkuu akiwa na sotet ya mursik kwenye kiondo na swali moja: mnapokea magunia? Wakapokea. Karo ya muhula wa kwanza ililipwa kwa mahindi, maharagwe na ahadi. Ninalo daftari lake mpaka leo, la kurasa 32, limeandikwa kwa penseli: gunia, tarehe, gunia, tarehe, "ng'ombe mwekundu", tarehe.

Ng'ombe mwekundu kwa ajili ya nini, wakati shule nyingine ilikuwa ya mchana na nafuu? Jamaa walimcheka. Walisema anataka kuonekana. Kogo, nyanya yangu, hakucheka. Yeye alielewa kabisa, na alikasirika.

Kwa kuwa kalenda ya shule Kenya ilikuwa imeacha tundu moja kubwa: Desemba. Msichana anamaliza KCPE Novemba, anarudi nyumbani, mavuno yameingia, chakula kipo, jamaa wa mjini wanakuja likizo. Huo ndio uliokuwa msimu wa kupashwa tohara. Rais Moi alikuwa ameikataza kwa kauli tangu 1982, lakini kauli ya redioni haina mtu wa kuilinda usiku kijijini. Kogo alikuwa amenihesabia miaka. Hakuwa mtu mbaya, na sitaki umsome hivyo. Ndiye aliyenifundisha kukamua, na kwake yeye msichana asiyepita huko alibaki mtoto, hana rika, hana wa kumwoa, hana wa kumzika kwa heshima. Alikuwa ananitafutia mahali pa kusimama duniani. Mama naye, aliyepita huko na kuzaa kwa shida mara nne, alikuwa anatafuta mahali pa kunificha.

Desemba hiyohiyo ya 2000, wakati mimi nangoja matokeo, mabinti wawili wa Keiyo walienda mahakamani Iten, wakapata amri ya kumzuia baba yao asiwakeketishe. Waliwakilishwa na shirika la haki za binadamu la Eldoret. Redio ilitangaza, magazeti yakaandika, na kijijini kwetu watu hawakuongea jambo lingine wiki nzima. Ati watoto wamemshtaki mzazi! Kogo alizima redio. Mama hakusema neno. Siku ya pili yake alipanda matatu kwenda Eldoret na kiondo chake. Sheria ya Watoto ilikuja 2001, ile ya kupiga marufuku ukeketaji kabisa ikaja 2011. Mama hakuwa na miaka kumi ya kungoja Bunge.

Nilifika kwa masista kabla ya wenzangu wote, kabla hata shule haijafunguliwa, na nikakuta siko peke yangu. Bweni moja lilikuwa na taa. Ndani walikuwa wasichana kumi na mmoja, wengi kutoka Marakwet, wengine Pokot, mmoja wa kidato cha tatu ambaye hakuwa ameenda likizo ya Desemba tangu akiwa mono. Tulisaidia jikoni, tulipalilia sukuma wiki, jioni rozari. Nusu yetu hatukuwa Wakatoliki. Mimi nilikuwa wa AIC, na nililelewa nikiamini rozari ni mambo ya watu waliopotea njia. Niliikariri kwa wiki mbili. Hakuna aliyenilazimisha, ni kwamba kulikuwa na baridi, na kanisa dogo ndilo lililokuwa na joto.

Siwapaki masista rangi ya malaika. Walifungua barua zetu. Walituambia mwili ni hekalu kwa namna iliyokufanya uogope hata kuoga. Aliyepata mimba aliondoka kabla ya chakula cha mchana, sanduku lake likafuata baadaye, na hakuna aliyeruhusiwa kuuliza. Mama alipokuja siku ya visiting na mursik, iliachwa getini eti inanuka moshi, akakaa kwenye nyasi akiinywa yeye na mlinzi. Geti lililomzuia kogo lilimzuia pia mama. Hilo nalo aliliweka kwenye hesabu, na akalipa.

Miaka michache iliyopita nilirudi kuomba kuona vitabu vya shule vya miaka ile. Sista wa ofisini, kijana kuliko mimi, alinitolea leja ya 2000 na 2001. Nilitafuta Desemba. Majina yetu yapo, kumi na mawili pamoja na langu, na mbele ya kila jina mkono wa sista mkuu umeandika jambo moja: "masomo ya ziada". Hatukufundishwa hata somo moja mwezi ule. Lakini mzazi akija kudai binti wake, au chifu, au mjomba mwenye hasira, angeonyeshwa leja hiyo na kuambiwa mtoto yuko masomoni, amelipiwa.

Safu ya malipo ni tupu kwa wasichana tisa. Kwangu kuna neno moja, na kando yake sahihi ya mama, ile ya herufi tatu alizojua: "mahindi".

Nilimpigia simu nikiwa bado ofisini. Nikamuuliza kama alijua masista waliandika masomo. Akasema yeye ndiye aliyewaambia waandike hivyo. Halafu akaniuliza kama ule mti wa parachichi kando ya geti bado upo, maana siku ile ya mursik aliuona umezaa vizuri.