Siku Tano Ndani ya Ruta ya Buluu

Linksys WRT54G, ile ruta ya buluu na nyeusi yenye antena mbili, iliingia sokoni mwishoni mwa 2002. Mwaka uliofuata wadadisi wakagundua kuwa ndani yake mna Linux, na kwa masharti ya leseni ya GPL kampuni ikalazimika kuutoa msimbo hadharani. Programu mbadala ya ruta, OpenWrt, ikaanza 2004, DD-WRT ikafuata, nasi mafundi wa intaneti kafe Dar es Salaam tukapata njia ya kuchungulia tumboni mwa kifaa.

Mle ndani mna kitu kama daftari la mlinzi wa getini. Kompyuta ikifungua njia ya kwenda nje, ruta huandika mstari: nani, anakwenda wapi, mlango namba ngapi, na muda uliobaki kabla ya kufutwa. Kwa kanuni ya Linux 2.4, mashine yenye RAM ya MB 16 ilipewa mistari 1,024 tu. Muunganisho wa TCP uliokwisha kukubaliwa, hata ukikaa kimya, ulihifadhiwa sekunde 432,000. Siku 5!

Kwa seva yenye RAM ya kutosha, subira hiyo ina maana: aliyenyamaza asikatwe. Kwa kafe ilikuwa balaa. Kijana wa kompyuta ya pembeni anawasha BitTorrent, inabisha hodi kwa mamia ya watu, wengi wanazima mashine zao bila kuaga, na mistari yao inabaki. Daftari likijaa, anayetaka kufungua barua pepe hapati kitu, huku jirani yake aliyeunganishwa mapema anaendelea kuchati. Basi lawama zote kwa mtoa huduma! Kuzima na kuwasha kulisaidia kwa kuwa daftari lilikaa kwenye RAM tu.

Tiba yetu ilikuwa kushusha muda hadi sekunde 600 na kuongeza mistari hadi 4,096, kwa kiasi, maana kila mstari unakula RAM. Kisha mwaka 2005 likaja toleo la 5 la ruta hiyo: RAM ikakatwa hadi MB 8, Linux ikaondolewa. Ubahili mtupu. Waliotaka Linux wakauziwa WRT54GL.

Mwaka 2008 waraka wa RFC 5382 uliagiza muda wa kuhifadhi muunganisho wa TCP uliokaa kimya usipungue saa 2 na dakika 4, kwa sababu kwa kawaida kompyuta husubiri saa 2 kabla ya kuuliza kama mwenzake bado yupo. OpenWrt imeweka sekunde 7,440, yaani muda huohuo. Linux yenyewe bado ina 432,000. Ukiipakia kwenye kifaa kidogo, ibadilishe namba hiyo kwanza.