Mila za Lamu na Misukosuko ya Utalii

Katika miaka ya 1960 na 1970 Lamu ilianza kupokea watalii kutoka Ulaya na Marekani. Kilichowavuta kilikuwa mji wenyewe: nyumba za mawe ya matumbawe, vichochoro visivyopitika kwa gari, punda wa mizigo na majahazi. Mwaka 2001 UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe wa Lamu katika Orodha ya Urithi wa Dunia.

Lakini misukosuko ilifuata. Mwaka 2011 wageni wawili wa kike walitekwa nyara kwa nyakati tofauti, mmoja eneo la Kiwayu na mwingine kisiwa cha Manda. Juni 2014 makumi ya watu waliuawa katika mashambulizi ya Mpeketoni, upande wa bara. Uingereza na nchi nyingine ziliwaonya raia wao wasifike Lamu, na hoteli zikakosa wageni. Amri ya kutotoka nje usiku iliyofuata iliwabana hata wavuvi, kwani wengi wao huvua usiku. Machi 2020 Korona ilisimamisha safari za ndege za kimataifa kwa miezi kadhaa.

Katika vipindi hivyo, riziki ya wenyeji haikuwa na mlango mmoja tu. Mashua inayotembeza watalii hubeba pia mizigo na kwenda kuvua. Mafundi wa kijiji cha Matondoni waliojenga na kukarabati vyombo walikuwa na wateja wavuvi kabla ya watalii kufika.

Sherehe nazo zina wenyewe. Maulidi ya Lamu yalipata umaarufu kupitia Habib Swaleh, mwanachuoni mwenye asili ya Ngazija, na kitovu chake ni Msikiti wa Riyadha. Kila mwezi wa Mfungo Sita huja waumini kutoka sehemu nyingi za pwani, wakipokelewa na wenyeji. Zefe, mashindano ya punda na ya mashua huandamana na ibada. Mkusanyiko huu haukuanzishwa kwa ajili ya soko la Ulaya.

Ufundi wa kale ulitumika pia kuitangaza Lamu upya. Mwaka 2018 mafundi wakiongozwa na Ali Skanda walizindua Flipflopi, jahazi la plastiki iliyorejelezwa lililopambwa kwa kandambili zilizookotwa. Mwaka 2019 lilisafiri hadi Zanzibar, likiwaonyesha watu ujuzi wa Lamu na madhara ya taka baharini.

Mila hizi hazikuweza kuleta usalama. Hilo lilikuwa jukumu la serikali. Zilichofanya ni kuuweka mji hai hadi wageni waliporejea. Mpango wowote wa utalii Lamu unapaswa kuanza kwa kuwalinda mafundi, manahodha na waandaaji wa Maulidi.