Kicheko na Hofu ya Mnyama

Mwaka 1614, ng'ambo ya kusini ya mto Thames mjini London, lilifunguliwa jumba la michezo lililoitwa Hope. Jukwaa lake lilikuwa la kuondolewa. Leo watu waliangalia tamthilia. Kesho jukwaa lilitolewa, dubu akafungwa mnyororo uwanjani, na mbwa wakaachiliwa wamshambulie. Humo ndimo ilimochezwa tamthilia ya Ben Jonson, Bartholomew Fair, mwaka uo huo. Mlango ulikuwa mmoja kwa wapenda maneno mazuri na kwa wapenda mateso, na wengi walikuwa ni wale wale. Hawakujiona wakatili. Walijiona wamekuja kustarehe.

Ilipita miaka zaidi ya 200 hata Bunge la Uingereza likatunga, mwaka 1835, sheria ya kuuharamisha mchezo huo pamoja na kupiganisha mbwa na majogoo. Hata hivyo, waliopigania sheria zile walikuwa na ushahidi wa kuonekana kwa macho: damu, majeraha, mifupa iliyovunjika. Swali la hofu tupu, isiyoacha alama mwilini, lilibaki nyuma.

Swali hilo lilirudi kwa sura ya mzaha mwaka 2015, zilipoenea katika intaneti video za paka na matango. Paka anakula, ameinamia sahani yake. Mwenyewe ananyemelea na kuweka tango nyuma yake. Paka anageuka, anaruka juu kama aliyeungua, na watazamaji wanacheka. Damu haikumwagika. Lakini wataalamu wa tabia za wanyama walionya kwamba mnyama anayeshtushwa hivyo aweza kujiumiza, tena aweza kubaki na wasiwasi hapo hapo anapolia chakula chake. Dubu wa Hope alimjua adui yake. Paka huyu hutishwa na mkono ule ule unaomlisha.

Kwamba hofu nayo ni dhara si fikra ya jana. Katika Sunan ya Abu Daud imepokewa habari ya maswahaba waliochukua makinda mawili ya ndege wakiwa safarini. Mama yao akaja akipigapiga mbawa. Mtume (S.A.W.) akauliza ni nani aliyemtia ndege yule uchungu kwa ajili ya wanawe, akaamrisha arudishiwe. Ndege yule hakuwa na jeraha hata moja. Uchungu wake ulitosha kuwa kesi. Sheria ya Uingereza na Wales ya mwaka 2006 nayo ilitamka kuwa mateso ni ya mwili au ya akili.

Linalobaki ni fungu la mtazamaji. Jumba la Hope lilisimama kwa senti za waliojaa humo. Bila wao, dubu asingefungwa. Mtazamaji wa leo hatoi senti, hutoa jicho lake, na kila jicho huhesabiwa na kumlipa mwenye video kwa sifa au kwa fedha. Anayecheka akiwa mbali hakulishika tango, ila amelinunua.