Okidi ya Susu

Okidi yangu ya kwanza niliiua kwa maji. Ilikuwa zawadi, ile ya maua meupe ya supamaketi, nami nikaimwagilia kila asubuhi kama sukuma wiki. Ndani ya miezi miwili mizizi ilikuwa imeoza yote.

Kumbe nilirudia kosa la zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1800, matajiri wa Uingereza walishikwa na wazimu wa okidi. Waliamini zote zinatoka misitu ya joto na unyevu, basi wakazifungia kwenye nyumba za vioo, moto unawaka, mvuke kila mahali, hewa hakuna. Zikafa kwa wingi, wakaagiza nyingine. Ilibidi watunza bustani kama Joseph Paxton wa Chatsworth wapunguze joto na kuingiza hewa ndipo zikaanza kuishi.

Sasa njoo Masii. Huku Ukambani kuna okidi ya maua ya manjano yenye madoa ya kahawia kama chui. Kwa wataalamu ni Ansellia africana, jina alilolitoa John Lindley mwaka 1844 kumheshimu John Ansell, mtunza bustani aliyeikuta kisiwa cha Fernando Po, sasa Bioko, akiwa kwenye msafara wa Niger wa 1841. Malaria iliua wengi msafarani. Ansell akapona, mmea ukabeba jina lake. Susu wangu amezeeka akiiona mitini, na hakuna aliyewahi kumuuliza chochote.

Yake hakuinunua. Jirani aliangusha mgunga achome makaa, okidi ikaanguka nao. Susu akaibeba kwa kiondo, akaifunga kwa kamba ya mkonge kwenye mukau nyuma ya jikoni. Si kupe, akanionyesha: mizizi inashika gamba tu, hainyonyi mti. Mingine inasimama wima kama sindano, inadaka majani makavu, yakioza inapata chakula. Maji ni ya mvua, ya Machi na ya Novemba. Kiangazi anaiacha ipumzike, hata ikikunjamana.

Mkataba wa CITES, unaofanya kazi tangu 1975, unadhibiti biashara ya okidi za aina zote kuvuka mipaka. Sawa. Lakini shoka la Masii halivuki mpaka wowote, na mti ukienda, okidi inaenda nao. Simlaumu sana jirani. Mvua ikikosa, makaa ndiyo karo.

Susu alinikatia kipande cha mashina matatu, kisha akanituma kwa huyo huyo jirani nikanunue makaa. Udongo unaiziba pumzi, alisema. Vipande vya makaa vinapitisha hewa. Basi iko Nairobi dirishani, kwenye mkebe wenye matundu, imekalia mgunga uliochomwa.

Haijachanua bado. Susu hupiga simu kila Jumapili, na kabla ya salamu kuisha ananiuliza: "Hujaimwagilia, sivyo?"