Bastola ya mgongo wa tembo: nani alikuwa na ruhusa ya kushika silaha?



Kuko watu Ulaya na Marekani wenye kukusanya bastola za zamani za wawindaji Waingereza. Najua kwetu silaha si mchezo, na siandiki ili mtu azitamani. Naandika juu kitu cha chuma kinaweza kutufundisha historia kuliko hotuba nyingi.

Bastola yenye kutafutwa sana inaitwa howdah. Jina hilo si la fundi. Howdah ni kile kiti kikubwa kinachofungwa juu ya mgongo wa tembo kule India. Ndani yake njo Mwingereza alikuwa anakaa akienda kuwinda chui milia, ule tunaita tigre.

Juu ya nini bastola, na bunduki anayo? Bunduki ndefu ilikuwa ya kupiga mnyama wa mbali. Lakini tigre aliyejeruhiwa anaweza kurukia tembo na kupanda. Hapo bunduki ndefu haigeuki haraka, na tembo naye anatikisika. Njo maana walitengeneza silaha fupi, nzito, ya mitutu miwili, mara ingine mine. Kati ya zile za zamani, kuko zilizokuwa bunduki zilizokatwa tu. Kisha mafundi wa London, kama nyumba ya Charles Lancaster, wakazitengeneza kwa kusudi. Zingine zilipiga risasi ya .577, namba moja na ile ya bunduki ya jeshi ya Snider, upana karibu milimita 15. Risasi nyingi hazikuwa na faida: ukikosa mbili za kwanza, tigre amekwisha kukufikia.

Mkusanyaji mwenye akili anasoma mihuri. Kule Uingereza mtutu ulijaribiwa kwanza kwa baruti nyingi kuliko kawaida, kisha ukapigwa muhuri, London ao Birmingham. Nyumba ya Birmingham ilianzishwa mwaka 1813. Muhuri ukikosekana, ao ukiwa umekatwa nusu, anashuku: pengine mtu alikata bunduki ya zamani juzi tu ili aiuzishe bei kali.

Mpaka hapa ni ufundi. Tuangalie sasa mambo ambayo muhuri hausemi.

Juu ya shingo ya tembo kulikuwa Mhindi mwenye kumuongoza, mahout. Tigre akirukia kichwa cha tembo, yeye njo wa kwanza kufikiwa na makucha. Mkononi alikuwa na fimbo ya ndoano. Bastola ilikuwa nyuma yake, kwa bwana.

Hiyo haikuwa bahati mbaya, ilikuwa sheria. Mwaka 1878, wakati wa Lytton, serikali ya Kiingereza ilitoa sheria ya silaha: Mhindi akitaka kubeba silaha, lazima kibali. Mzungu alisamehewa. Ile bastola nzuri ndani ya sanduku la kioo ni ushuhuda wa sheria hiyo pia.

Na sisi? Mwaka 1890, miaka 12 kisha, mataifa yalitia sahihi Mkataba wa Brussels. Walizuia bunduki kuingia Afrika kati ya digrii 20 kaskazini na digrii 22 kusini. Kongo yote iko ndani. Sababu walioandika ilikuwa kupiganisha biashara ya watumwa, na biashara hiyo ilikuwa ya kweli. Lakini majeshi ya serikali za kikoloni yaliachiwa mlango, na msafiri mwenye barua ya serikali yake pia. Mwenyeji alifungiwa. Munaona vile India na Kongo zinakutana.

Tigre naye alilipa. Mwaka 1911 mfalme George V alienda kuwinda Nepal, na kundi lake liliua tigre 39 kwa siku kama 10. Mwaka 1972, India ilipohesabu, walibaki chini ya 2.000 katika inchi yote, na sheria ya kulinda wanyama ikatoka mwaka huo huo.

Kwa hiyo, bandugu, tukikutana na kitu cha wakati wa ukoloni, katika makumbusho ao katika nyumba ya mzee, tusiishie kuuliza nani alikitengeneza na bei ngapi. Tuulize nani aliruhusiwa kukishika, na nani alikatazwa. Swali la pili njo linaandika historia yetu. Wazee wenye jibu wangali hai, tuwaulize mapema.