Mngurumo wa Subaru na mabomba yasiyolingana

Nimepotea kidogo, kazi zilinibana, lakini leo nimerudi na kisa ambacho mwanzoni hakitaonekana kama cha kompyuta. Subirini tu, tutafika.

Kaka yangu ana Subaru Forester ya turbo, ya mwaka 2005. Jumamosi moja tuliamua kubadilisha heda yake nyumbani, pale uani kwa mama. Kwa wasiojua, heda ni lile fungu la mabomba linalofungwa kwenye injini yenyewe, likakusanya moshi wa kila silinda kabla haujafika kwenye turbo na ekzosi. Tulikuwa tumenunua iliyotumika, ya kutoka Japani, kwa muuza spea mmoja wa Kirinyaga Road. Mabomba yake yote manne yalikuwa na urefu sawa. Ile ya kiwandani mabomba yake hayalingani, na kila tuliyemuuliza alituambia tukiiondoa gari litavuta vizuri zaidi.

Na kweli likavuta. Jioni kaka akalipeleka kulijaribu hadi barabara kuu, akarudi, akasimama langoni. Mama hakutoka. Kwa miaka mitatu mama alikuwa akiusikia ule mngurumo tangu kwenye kona, na kabla gari halijafika yeye tayari anafungua komeo. Siku hiyo kaka akapiga honi mara mbili, mama akachungulia dirishani akauliza, "Hiyo gari ni ya nani?"

Kaka alinitazama kama mtu niliyemfutia diski yote bila bakapu. Usiku huo nikaanza kusoma ule mngurumo ulitoka wapi hasa.

Kwanza heda zenyewe. Watu waliozifanya kuwa kazi ya nyumbani ni vijana wa California. Mwaka 1932 Ford walitoa injini ya V8 ambayo mtu wa kawaida angeweza kuinunua. Ilikuwa na nguvu kwa bei yake, lakini njia zake za moshi zilikuwa za ajabu: kila upande una silinda nne na matundu matatu tu ya kutolea moshi, kwa sababu silinda mbili za katikati zilitumia tundu moja. Juu yake kukafungwa manifoldi ya chuma cha kusubu, nzito na fupi, ambamo moshi wote unagombana kutoka. Vijana wale walikuwa wakishindana kwenye mabonde makavu kama Muroc na El Mirage, na chama chao, SCTA, kilianzishwa mwaka 1937. Wakaona dawa rahisi: toa kile chuma, chomelea mabomba marefu, kila tundu lipate njia yake. Vita vilipokwisha wengi walirudi kutoka jeshini wakiwa wamejifunza kuchomelea na kukereza vyuma. Mwaka 1948 jarida la Hot Rod likaanza kuchapishwa, na mwaka 1954 Bob Hedman akaanzisha kampuni ya heda za kuuza tayari. Tangu hapo ilikuwa ni wewe, spana, na uwanja wa nyumba yenu.

Kwa nini bomba linaongeza nguvu? Vali ya moshi inapofunguka, wimbi la mgandamizo linakimbia ndani ya bomba. Likifika mahali bomba linapopanuka, sehemu yake inarudi nyuma kama wimbi la kufyonza. Ukipatia urefu, wimbi hilo linafika kwenye vali wakati silinda inamalizia kutoa moshi, nalo linauvuta uliobaki. Ukikosea urefu, linafika wakati si wake na halisaidii kitu. Yaani bomba la moshi ni suala la saa kuliko la upana. Mafundi wengi niliowasikia wanasema "panua tu itapumua", na hapo mimi nao hatuelewani.

Sasa Subaru. Kampuni iliyoitwa Fuji Heavy Industries (tangu 2017 inaitwa Subaru Corporation) ilichipuka kutoka kwa kiwanda cha ndege cha Nakajima. Mhandisi wake Shinroku Momose alikuwa amefanya kazi kwenye injini za ndege kabla ya kuja kwenye magari. Mwaka 1966 wakatoa Subaru 1000, gari lao la kwanza lenye injini ya boksa, ile ambayo pistoni zake zinalala ubavu na kupigana kama mabondia, mbili kulia, mbili kushoto. Wazo lenyewe ni la Karl Benz, mwaka 1896. Injini ya namna hii ni fupi, imelala chini, na mtikisiko wake ni mdogo. Tatizo ni kwamba matundu ya moshi yako pande mbili zilizo mbali.

Mwaka 1989 ikaja injini ya EJ pamoja na Legacy. Kuitangaza, walipeleka Legacy za turbo kwenye uwanja wa majaribio Arizona mwezi Januari mwaka huo, zikakimbia kilomita 100,000 kwa wastani wa kilomita 223 kwa saa, usiku na mchana, kwa siku 18 na nusu. Injini ilikuwa imara, hilo halina ubishi.

Lakini tazameni mabomba yake. Turbo imekaa upande wa kulia, upande wa dereva huku kwetu. Silinda namba 1 na 3 ziko huko huko kulia, moshi wake unafika haraka. Namba 2 na 4 ziko kushoto, moshi wake lazima uvuke chini ya injini nzima kwanza. Na injini inalipua kwa mpangilio wa 1-3-2-4. Yaani karibu, karibu, mbali, mbali.

Ndugu zangu wa programu mmeshaelewa. Ni kama seva inayotuma pakiti kila baada ya muda sawa kabisa, lakini pakiti mbili zinapita njia fupi na mbili njia ndefu. Kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika injini inatoa mapigo 100 kwa sekunde, moja kila milisekunde 10, bila kukosea. Yakifika kwenye kiungo cha mabomba, nafasi kati ya la 3 na la 2 imenyooshwa, na ile kati ya la 4 na la 1 imebanwa. Tena yale yaliyotoka mbali yanafika yakiwa na nguvu na umbo tofauti. Sikio letu halisikii tena mlio mmoja laini, linasikia dug-dug, dug-dug. Huo ndio mngurumo. Hakuna mhandisi aliyekaa chini kuubuni. Ni matokeo ya nafasi ndogo chini ya boneti na bomba kupitishwa pale lilipoweza kupita.

Hitilafu, kwa lugha ya kazini kwetu. Ila ni hitilafu iliyopata mashabiki. Kenya tuliipokea mapema kwa sababu ya Safari Rally: Patrick Njiru alimaliza wa nne mwaka 1994 akiwa na Impreza, Colin McRae akashinda na Subaru mwaka 1997, Richard Burns mwaka 2000. Watoto waliosimama kwenye vumbi miaka ile ndio wanunuzi wa leo. Kwa wengi wetu gari hilo lilijulikana kwa masikio kwanza.

Wahandisi wenyewe hawakuwa na mapenzi hayo. Legacy mpya ya mwaka 2003 huko Japani, modeli zake za turbo zilikuja na mabomba ya urefu sawa na turbo yenye milango miwili: silinda 1 na 2 mlango wao, 3 na 4 wao, ili mapigo yasigongane. Turbo inaamka mapema, mafuta yanatumika vizuri, sauti inakuwa ya kawaida. WRX ya mwaka 2014 yenye injini mpya ya FA20 nayo ikafuata njia hiyo ya mabomba sawa. EJ20 yenyewe iliagwa mwaka 2019 kwa magari 555 ya mwisho ya WRX STI, namba iliyotoka kwenye rangi zao za mbio.

Jambo moja pembeni, maana najua kuna mtu ataamka kesho na spana. Heda ni kitu kimoja, kataliti ya kusafisha moshi ni kingine. Kuna fundi atakuambia uikate kabisa, na pengine ana mnunuzi wa madini yaliyomo. Msikubali. Kataliti zilianza kuenea Marekani kwenye magari ya 1975, na zilihitaji petroli isiyo na risasi kwa sababu risasi inaziua. Sisi huku Afrika kusini mwa Sahara tuliachana na petroli ya risasi mwanzoni mwa 2006, miaka 30 baadaye. Tumengoja sana kupata mafuta yanayoziruhusu zifanye kazi, halafu tuzikate kwa msumeno?

Turudi uani. Mimi nilikuwa upande wa heda mpya. Nilimwonyesha kaka michoro yote hii, nikamweleza kwamba alichokuwa akikipenda ni kasoro ya mpangilio. Akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mama amefungua lango kwa kasoro hiyo miaka mitatu." Sikuwa na jibu. Data yangu yote ilikuwa sahihi na haikunisaidia kitu.

Jumamosi iliyofuata tukalala tena chini ya gari. Bahati nzuri ile heda ya zamani ilikuwa bado, mnunuzi wa vyuma chakavu aliahidi kuja Jumanne hakuja. Nati mbili zilikataa kabisa ingawa tulizimwagia mafuta ya kutu tangu usiku, bolti moja ikakatikia ndani, tukamtafuta fundi wa jua kali aje kuitoa kwa drili. Gasketi mpya tena, pesa tena. Saa kumi na moja jioni tukawasha. Dug-dug, dug-dug. Nikasikia komeo la lango likivutwa kabla hata gari halijatoka.

Ile heda ya mabomba sawa iko chini ya kitanda changu, ndani ya gunia. Anayeihitaji bei tutaelewana, gasketi anunue mwenyewe.